Kakao iko Kyela, mbona kipupwe tunakunywa kopo?

Ifikapo katikati ya Juni, Njombe huamka imejifunika. Ukungu hulala barabarani hadi saa tatu asubuhi, nyasi za uani hupata sakitu nyeupe kama chumvi iliyomwagwa, na vijana wa bodaboda huvaa makoti mawili mawili. Ndio msimu wa shughuli pia. Mavuno yameingia, shule zimefunga, watu wanaposa, wanaoza, wanabatiza.

Katika shughuli hizo kuna jambo naliona kila mwaka, na kila mwaka linanikaa rohoni. Mgeni wa heshima akiingia na vidole vimekufa ganzi, mama mwenye nyumba hamletei chai. Huenda kwenye kabati la vyombo, akashusha kopo la chokoleti ya kunywa lililonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo tu, akachota kijiko kimoja kwa uangalifu kama anayempimia mtoto dawa. Watoto wamesimama mlangoni wanafuata kijiko kwa macho. Wao watapata ya kulamba kopo likiisha, kisha kopo litaoshwa na kuwa la chumvi.

Heshima iliyo katika kijiko kile naipokea kwa mikono miwili. Lakini nimejizoesha kulizungusha kopo na kusoma maandishi ya nyuma. Viungo huorodheshwa kwa kufuata uzito, kile kilichozidi kinatangulia. Katika makopo mengi niliyoyashika, kilichotangulia ni sukari. Kakao inafuata nyuma, mara nyingine nyuma sana. Mama yule amelipa bei ya chokoleti, akampa mgeni wake sukari yenye rangi.

Na kakao yenyewe iko wapi? Ukipanda basi Njombe alfajiri, ukapita Makambako, Uyole na Tukuyu, jua halijazama uko Kyela, umesimama chini ya mikakao.

Maoni yangu ni haya, na nayasema bila kuzunguka: kinywaji cha sherehe zetu za kipupwe kinapaswa kupikwa nyumbani, kwa kakao yetu, kwa vyombo ambavyo tayari vimetundikwa jikoni. Hatuhitaji kiwanda kwa hilo. Tunahitaji kukumbushana kwamba kinu, ungo na kipekecho vinajua kazi hii.

Zao la kuuza

Nina shangazi yangu Kyela. Kule joto ni joto. Ziwa Nyasa liko karibu, mchele wake unajulikana nchi nzima, na mikakao imejificha kivulini chini ya migomba. Asiyewahi kuiona hushangaa, maana tunda la kakao haliningʼinii kwenye ncha ya tawi kama embe. Huota kwenye shina lenyewe na kwenye matawi manene, kubwa kama papai dogo, la njano au jekundu. Ukilipasua unakuta mbegu zimevikwa ute mweupe mtamu wenye uchachu kidogo, na watoto wa Kyela huufyonza kama watoto wa pwani wanavyofyonza stafeli.

Kazi inaanza hapo. Mbegu na ute wake hurundikwa na kufunikwa majani ya migomba, zinavundikwa siku tano hadi saba huku zikigeuzwa. Rundo linapata joto lenyewe. Siku za mwanzo linanuka pombe, baadaye linanuka siki, na humo ndani ndimo ladha ya chokoleti inapoanza kuumbika. Kisha zinaanikwa juani, wiki moja au zaidi kutegemea mawingu. Zikikauka zinaingia guniani, gunia linaingia ghala la chama cha msingi, mnada unaitishwa, lori linapakia.

Siku moja nilimuuliza, “Shangazi, umeshawahi kunywa kakao yako?”

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama amewahi kunywa pamba. “Kunywa? Mwanangu, kokoa ni ya kuuza.”

Ametunza mikakao hiyo tangu kabla sijaoa. Anajua ugonjwa wa tunda kwa kulitazama tu, anajua rundo limeiva kwa kuingiza mkono. Kitu asichokijua ni kile ambacho mnunuzi anakitafuta, yaani ladha. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza cha methali hiyo.

Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana, nchi zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao yote duniani, yalianguka kwa magonjwa na hali ya hewa mbaya. Minada ya Kyela ikachangamka, nyumba zikaezekwa bati jipya, watoto wakapelekwa shule. Nilifurahi na bado nafurahi. Baadaye bei ile ya dunia ikateremka. Mkulima hakupandisha wala hakushusha. Alikuwa akitazama tu kama mtu anayetazama mvua. Zao ambalo nyumbani halina hata mnywaji mmoja, bei yake yote inaamuliwa na watu wasiomjua mkulima. Sidai kwamba vikombe vyetu vya Julai vitatikisa soko la London. Nasema tu kwamba kuwa na mnywaji jirani ni bora kuliko kutokuwa naye kabisa.

Wenzetu na uji wao

Wapo wanaoniambia chokoleti ni mambo ya Ulaya, haituhusu. Hao huwa nawapeleka Mexico, ambako watu walikuwa wakinywa kakao karne nyingi kabla Mzungu hajajua rangi yake. Huko mpaka leo, katika siku tisa za kuelekea Krismasi, kuanzia Desemba 16 hadi 24, familia hupika champurrado. Ni nini champurrado? Ni uji. Unga wa mahindi unakorogwa kwa maji au maziwa, unatiwa kakao iliyosagwa, mdalasini na sukari guru, unapigwa hadi utoe povu, unanywewa wa moto usiku wa baridi. Msomaji wa Iringa au wa Limuru, kuna kitu gani kigeni hapo?

Ufilipino nako hupika champorado yao kwa mchele. Mchele unachemshwa hadi unalainika kama uji, unatiwa kakao, na pembeni, tena kwa furaha kabisa, unawekwa samaki mdogo aliyekaushwa kwa chumvi. Nilipolijua hilo nilimfikiria shangazi. Mchele anao, kakao anayo, na dagaa wa Ziwa Nyasa wameanikwa njiani kuelekea sokoni. Vitu vitatu hivyo vimekaa jirani miaka yote bila kujuliana hali.

Visiwani Karibi, Grenada na Saint Lucia, wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani hutwanga kakao kwa kinu, wakachanganya na mdalasini na kungumanga, wakafinyanga vitonge kwa viganja. Asubuhi kitonge kinakwaruzwa kwenye maji ya moto na kuitwa chai ya kakao.

Peru inanifundisha jambo jingine. Kule Krismasi huangukia kiangazi, kwa kuwa nchi iko kusini mwa ikweta, na bado makanisa, shule na mitaa hupanga foleni za watoto na kumpa kila mmoja kikombe cha chokoleti ya moto na kipande cha mkate mtamu. Jua linawaka, watoto wanapuliza vikombe. Maana yake si baridi tu inayoita kinywaji hiki. Kinaitwa na siku yenyewe, kwamba leo ni siku kubwa. Ndiyo sababu msomaji wa Tanga au Mombasa asiniambie kwake hakuna kipupwe cha kutosha.

Ghana nao waliifanya Februari 14 kuwa siku ya taifa ya chokoleti, ili Mghana ale kile anachokilima. Walitambua kwamba mlaji wa nyumbani hajileti mwenyewe.

Kinu, ungo na kipekecho

Sasa tuingie jikoni, maana maneno matupu hayapashi mtu moto.

Chukua nusu kilo ya mbegu kavu. Kabla ya yote, katiza mbegu mbili tatu kwa kisu. Ndani zikiwa na rangi ya kahawia na mipasuko mipasuko, zimevundikwa vizuri. Zikiwa zambarau, zilitolewa mapema. Zikiwa za kijivu kama sleti na ngumu, hazikuvundikwa kabisa, na utamu wowote utakaotia hautaondoa ukakasi wake.

Weka kikaango kizito au chungu juu ya moto mdogo. Mimina mbegu, shika mwiko, usiondoke. Kwa dakika ishirini au ishirini na tano utakuwa mtumwa wa mwiko huo. Mwanzoni kutatoka harufu ya siki ya kuchoma pua, vumilia. Kisha mbegu zitaanza kupasuka moja moja kama bisi zilizochelewa, na harufu itageuka. Hapo ndipo watu wa nyumba nzima huanza kuja jikoni kwa visingizio. Mmoja anatafuta kiberiti, mwingine anauliza saa. Epua kabla hazijaungua, maana kakao iliyoungua ni chungu kama shubiri na haina tiba.

Zikipoa kiasi cha kushikika, sugua kwa viganja. Ganda linavunjika lenyewe. Peleka nje, pepeta kwa ungo, upepo wa kipupwe utakusaidia. Maganda mwaga shambani, ni mbolea. Mbwa asiyale, kakao ni sumu kwake.

Halafu kinu. Kimiminie maji ya moto kipate joto, kisha kikaushe kabisa kabisa, kwa sababu tone la maji likiingia kwenye kakao inayotwangwa rojo hushikana na kugoma kulainika. Twanga. Utapata kwanza unga mkavu. Endelea, utapata chembechembe zinazong'ang'ania mchi. Hapa wengi hukata tamaa wakidhani wamekosea. Endelea. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya kakao ni mafuta, na mafuta hayo yanahitaji joto la msuguano ili yajitokeze. Baada ya nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi, mchi unaanza kuteleza. Unatazama chini unakuta kitu cheusi kinachong'aa, kizito kama udongo wa mfinyanzi. Mara ya kwanza nilipokiona niliita jirani.

Asiye na nguvu za kutwanga apeleke mbegu zilizokwisha kupepetwa kwa mwenye mashine ya kusagia karanga sokoni, amwombe aisafishe kwanza. Inasaga vizuri tu.

Niongeze hapa neno kuhusu kopo. Mwaka 1828, kwa familia ya Van Houten huko Uholanzi, ilipatikana njia ya kukamua mafuta ya kakao na kubakiza unga mkavu. Unga wa makopo ya leo ni mtoto wa ugunduzi huo. Mafuta mengi yamekwenda kwenye vipande vya chokoleti na vipodozi. Ukinywa ya kinu unakunywa mbegu nzima, na ndiyo maana kikombe kimoja kinakaa tumboni kama mlo.

Lile rojo lingali la uvuguvugu, tia sukari kwa kiasi chako (mimi hutia nusu ya uzito wa kakao na watoto wamezoea), mdalasini wa kusaga, iliki tano sita, karafuu mbili zilizopondwa, chumvi ya kubana kwa vidole. Kama una jamaa Kagera, mwombe ganda la vanila. Finyanga vitonge vya ukubwa wa kokwa ya parachichi dogo, vipange kwenye sinia. Njombe vitaganda usiku huo huo. Dar es Salaam vitabaki laini, kwani mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto linalokaribia la mwili wa mtu. Vifungie kwenye jani la mgomba na uviweke pabaridi.

Siku ya shughuli, kitonge kimoja kwa kikombe. Kivunje kwanza kwenye maji kidogo yanayochemka, kiyeyuke, ndipo umimine maziwa. Anayetaka uzito wa champurrado aongeze kijiko cha unga wa mahindi uliovurugwa kwa maji baridi. Watu wa pwani watie tui badala ya maziwa na pilipili manga kidogo, watanishukuru. Kisha shika kipekecho, kile kile cha mlenda, ukizungushe katikati ya viganja hadi povu lipande. Watu wa Mexico wana mti wao wa kuchonga kwa kazi hiyo hiyo, na wanauzungusha vivyo hivyo. Ukiweka picha ya mikono yao pembeni mwa mikono ya mama wa Singida anayepekecha mlenda, huwezi kuitofautisha.

Pembeni weka viazi vitamu vya kuchemsha, vitumbua au mandazi ya iliki. Vitonge vinavyobaki funga vitatu vitatu kwenye karatasi safi na uzi, mgeni aondoke navyo. Mbona tunawapa wageni wa harusi kopo la plastiki lenye picha ya bwana na bibi harusi, wakati tungeweza kuwapa kitu watakachokipika Jumapili wakatukumbuka?

Hesabu ya nyumbani

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la bei. Mkulima mwenyewe anauza kwa sababu anahitaji fedha; nani atamwambia anywe fedha zake? Ni swali la haki, kwa hiyo tupige hesabu. Kilo moja ya mbegu kavu, ikishakaangwa na kumenywa, inabaki karibu robo tatu ya kilo. Kikombe kizuri kinataka gramu kumi na tano hivi. Hivyo ni vikombe hamsini. Tuseme kilo imefika shilingi 20,000. Kakao ya kikombe kimoja ni shilingi 400. Ongeza maziwa na sukari, bado kreti za soda za shughuli hiyo hiyo zitakuwa zimekula zaidi. Na soda katika baridi ya Julai, tusidanganyane, wazee huishika kwa adabu tu.

Tatizo la kweli ni upatikanaji. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa ghala na mnada, umejengwa kwa ajili ya magunia na mnunuzi mkubwa, na umemwokoa mkulima na walanguzi wengi. Mama wa Njombe anayetaka kilo mbili hana mlango wa kugonga. Hapa ndipo navisihi vyama vya ushirika vya Kyela na Rungwe: tengeni kiasi kidogo, kikaangwe, kifungwe kwenye pakiti za nusu kilo, kiletwe kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, wakati baridi haijakatika na watu wamejaa. Wekeni kinu pale pale, mtu atwange mwenyewe. Harufu itafanya kazi ambayo bango haliwezi. Wenzetu wa Bundibugyo, Uganda, na wa Beni, Kongo, nao wanalima kakao chini ya milima yenye baridi. Shauri hili ni lao pia.

Na jambo moja la usalama, kwa kuwa nazungumzia baridi na moto. Kila kipupwe tunazika watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi usioonekana hauna huruma na hautoi taarifa. Kinywaji kipikwe penye hewa, jiko litolewe nje, watu waingie ndani na vikombe.

Julai iliyopita

Shangazi alipanda Njombe kwa ubatizo wa mjukuu. Alifika amejifunga vitenge vitatu, anatetemeka, analaani mlima. Nilikuwa nimetengeneza vitonge kwa kakao aliyoniletea yeye mwenyewe mwezi uliotangulia, ile iliyobaki baada ya magunia. Nilimpikia mbele yake, nikampa kipekecho apekeche mwenyewe. Povu likapanda. Akapuliza, akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akameza. Nilisubiri asifu.

“Ina ukakasi nyuma ya ulimi,” alisema.

Nilidhani nimeunguza. Akatikisa kichwa. Akaomba mbegu mbichi kama zimebaki, akaomba kisu, akazikata tatu juu ya sinia. Mbili zilikuwa zambarau. Akazitazama kwa muda mrefu, kikombe kikiwa mkono wa kushoto.

“Hizi ni za wiki ile ya mvua. Nilizitoa siku ya nne, niliharakia mnada.” Akanywa tena, taratibu zaidi. “Msimu ujao siku saba. Na kilo tano sipeleki ghalani. Nitaleta mwenyewe.”

Kisha akasogeza kikombe niongeze.